Yule Mtonga wa Townsville na swali la mama yangu

Leo nataka kuwaandikia juu ya mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Anaitwa Jason Taumalolo, ni mchezaji wa raga. Najua wengi mtashangaa: raga tena? Hapa sisi ni watu wa mpira wa miguu. Jumamosi tunajazana kwenye kibanda cha video kubishana juu ya Arsenal na Manchester mpaka sauti zinakauka. Lakini vumilieni kidogo. Habari za huyu mtu ziliingia nyumbani kwetu kupitia simu ya yaya, zikakaa miaka, na mwaka huu ndizo zilizotusaidia kumaliza ugomvi uliokuwa unataka kuivunja familia yetu.

Yaya ni kaka yangu mkubwa. Kwetu Kivu mkubwa wako unamwita yaya, awe mwanaume au mwanamke. Tulitoka Kivu ya Kusini mimi nikiwa mtoto wa miaka saba, yeye akiwa kijana tayari, na ni yeye aliyenibeba mgongoni sehemu kubwa ya njia. Mwaka 2016 alipanda ndege na mke wake, kwa sababu kesi iliyopita ilikuwa ya upande wa mke wake. Sisi tulibaki: mama, mimi, na kadogo wetu aliyezaliwa hapahapa Nakivale. Wao wakapelekwa Townsville, mji wa pwani kaskazini mwa Australia, katika jimbo la Queensland. Wakongomani wapo huko, kuna hata ibada za Kiswahili, ila joto lake, anasema yaya, linashinda la Uvira.

Ugomvi ulianza hivi. Mwaka huu yaya alipiga simu akasema maombi yake ya uraia yamekubaliwa, na tarehe ya kwenda kuapa imeshapangwa. Mimi nilipiga vigelegele. Mama alinyamaza. Halafu akauliza taratibu:

“Sasa ukiapa kwa bendera ya batu, utakuwa mutoto ya nani?”

Yaya akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Mama akarudisha simu mkononi mwangu, akatoka nje kugeuza ndagala zake juani. Wiki tatu zilizofuata yaya akipiga, mama yuko sokoni. Akipiga usiku, mama amelala. Na mama yangu, ndugu zangu, ni mtu ambaye halali kabla ya saa tano.

Hapo ndipo nikamkumbuka Taumalolo.

Mara ya kwanza kulisikia jina hilo ilikuwa 2017. Yaya alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha nyama, anasimama na kisu masaa nane kwenye baridi kali, na pembeni yake alisimama mzee mmoja Mtonga. Nisieleweke vibaya, siyo Watonga wa Zambia. Tonga ni nchi ya visiwa, visiwa kama 170, katikati ya bahari ya Pasifiki. Ni ufalme, mji mkuu wao ni Nuku'alofa. Watu wake wote ni kama 100,000. Hebu fikirieni: Nakivale peke yake ina watu kuliko ile nchi nzima! Watonga wengi wanaishi nje, huko New Zealand, Australia na Marekani. Waliondoka kutafuta kazi, na kila mwezi wanatuma pesa nyumbani. Hesabu za benki kubwa za dunia zinaonyesha kwamba pesa zinazotumwa na ndugu walio nje ni zaidi ya theluthi moja ya pato la nchi yao. Nchi nzima inaishi kama familia yetu, inasubiri simu ilie.

Basi yule mzee ndiye aliyempa yaya tiketi yake ya kwanza ya uwanjani. Townsville kuna timu moja kubwa, North Queensland Cowboys, na mji mzima ni wa timu hiyo. Mchezo wenyewe ni raga ya ligi, ile ya watu 13 kila upande. Unakimbia na mpira wenye umbo la yai, wanakuangusha, unainuka, unaendelea. Ukiangushwa mara ya sita unawaachia wenzako mpira. Yaya alisema: “Ni mchezo ya kuanguka na kuinuka tu. Nikaona, hii ni yetu.”

Na mtu aliyekuwa akiinuka kuliko wote alikuwa Taumalolo. Wanamng'ang'ania watu watatu, wanne, yeye anaendelea kutembea nao kama mtu anayebeba magunia ya maharage.

Sasa sikilizeni maisha yake. Alizaliwa Mei 1993 Auckland, New Zealand, wazazi wake ni Watonga. Akiwa bado kijana wa shule alihamia Townsville, akasoma Kirwan State High School. Mwaka 2010, akiwa na miaka 17 tu, Cowboys wakamwingiza uwanjani kucheza na watu wazima. Hakuna aliyewahi kuichezea klabu hiyo akiwa mdogo vile. Wakati ule alijulikana kama Jason Lolo. Jina lilikuwa limekatwa. Baadaye jina kamili likarudi, na leo watangazaji wote wanalitamka mpaka mwisho: Taumalolo.

Nataka nisimame kidogo hapo kwenye jina, maana wengi wetu tunalijua hilo jambo. Mimi kwenye karatasi ya kwanza tuliyopewa jina langu lilikosewa herufi mbili. Jina la marehemu baba likawa jina la mtu mwingine kabisa. Tulikuwa wachovu, tulikuwa na njaa, nani angebishana na mtu mwenye kalamu? Ilituchukua miaka kulirudisha. Kwa hiyo niliposikia kwamba mtu maarufu naye aliwahi kuishi na nusu ya jina, halafu akalichukua lote, nilifurahi bure tu, kama vile ni mimi.

Tuendelee. Mwaka 2015 Cowboys walichukua ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza katika historia yao, waliwafunga Brisbane Broncos 17 kwa 16 katika muda wa nyongeza, na Taumalolo alikuwa ndani. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima, akagawana na Cooper Cronk. Mwanzoni mwa 2017 klabu ikampa mkataba wa miaka kumi, kama dola milioni kumi za Australia. Miaka kumi! Sisi hapa tunajua kadi yetu ya chakula mpaka mwezi ujao.

Kwa upande wa nchi, aliichezea Tonga kwenye Kombe la Dunia la 2013, kisha kuanzia 2014 akavaa jezi nyeusi ya New Zealand, nchi aliyozaliwa. Katika mchezo huu unaruhusiwa kuchezea nchi ya wazazi wako au ya babu na bibi. New Zealand ni miongoni mwa timu kubwa tatu za dunia, na timu kubwa zinalipa vizuri. Tonga posho yake ilikuwa ndogo sana. Kila mtu alijua kwenye Kombe la Dunia la 2017 atakuwa upande gani.

Oktoba 2017, wiki chache kabla ya mashindano, Taumalolo akasema hapana, nitaichezea Tonga. Andrew Fifita naye akaiacha Australia akamfuata, na wengine pia waliokuwa wamezivaa jezi za nchi kubwa. Taumalolo alieleza kwamba ni kwa ajili ya familia yake na asili yake. New Zealand baadhi ya watu walikasirika sana. Wengine walimwita msaliti. Tumekulea, tumekufundisha, unatugeuka?

Mechi ya Tonga na New Zealand ilikuwa tarehe 11 Novemba 2017, mjini Hamilton. Yaya alitutumia kipande cha video. Kwa simu yangu ya wakati ule ilichukua asubuhi nzima kufunguka, na bando lote likaishia hapo. Uwanja ulikuwa mwekundu, maana nyekundu ndiyo rangi ya Tonga. Kabla ya kuanza, New Zealand walicheza haka yao, na Watonga wakajibu na ngoma yao ya vita, Sipi Tau, timu mbili zinatazamana uso kwa uso. Mama alikuwa anachambua sombe, akainua kichwa akauliza: “Hawa banataka kupigana ama kucheza?”

Walicheza. Mpaka mapumziko New Zealand walikuwa mbele 16 kwa 2. Watu wa kawaida wangekata tamaa. Tonga wakarudi, David Fusitu'a akavuka mstari mara tatu, na mwisho ikawa 28 kwa 22. Nchi yenye watu wachache kuliko sisi wa Nakivale iliifunga New Zealand!

Kwenye nusu fainali walikutana na Uingereza. Zimebaki dakika chache, Uingereza iko mbele 20 kwa 0. Tonga wakaamka, wakavuka mstari mara tatu mfululizo, ikawa 20 kwa 18, na sekunde za mwisho kabisa Fifita akaponyokwa na mpira akielekea kwenye mstari. Watonga wanabishana mpaka leo kwamba mpira ule alinyang'anywa kinyume cha sheria. Walishindwa, lakini yaya anasema yule mzee wa kiwandani hakulia. Alisema sasa dunia imejua tupo. Mwaka 2019 Tonga waliifunga Australia yenyewe, 16 kwa 12.

Sasa turudi nyumbani kwetu, kwenye wiki tatu za mama kukataa simu.

Jioni moja nilikaa naye jikoni, nikamkumbusha yule mtu mkubwa wa jezi nyekundu. Nikajiona nimepata mfano mzuri. Nikamwambia: mama, unaona, kazaliwa New Zealand, kakomea Australia, mkate wake unatoka Australia, lakini siku ya kuchagua alichagua kwa mama yake. Damu haipotei. Na yaya pia hatapotea.

Mama akakoroga bugari kimya. Halafu akasema:

“Wewe iko unanichekesha. Ule mutoto ya Tonga aliacha bendera ya bageni, akarudia ya mama yake. Yaya yako iko anaacha ya mama yake, anaenda kwa ya bageni. Sasa hiyo mufano yako iko inamusaidia yeye ama inanisaidia mimi?”

Ndugu zangu, nilikosa la kusema. Mama hakusoma hata darasa la sita, lakini siku ile alinishinda mchana kweupe. Nililala na hilo swali siku mbili.

Siku ya tatu nikampigia yaya, usiku sana kwa huku, kwake asubuhi. Nilitaka anipe jibu la kumpelekea mama. Badala yake akanipa jambo ambalo sikulitegemea. Sauti yake ilikuwa ya mtu mchovu. Aliniambia yule mzee Mtonga amestaafu kwa sababu ya mgongo, na kwamba siku ya kumuaga walikaa wakaongea. Mzee alimwambia kwao kuna neno, fatongia, maana yake wajibu. Wajibu kwa wazazi, kwa kanisa, kwa ukoo, kwa mfalme. Alituma pesa maisha yake yote: matanga, harusi, karo za watoto wa dada zake, paa la kanisa. Hakujutia. Ila alisema fatongia haikuwa ya upande mmoja. Waliobaki visiwani nao walituma: wanawake walisuka mikeka, walitengeneza ngatu, ile nguo ya gome la mti, wakazituma ng'ambo. Mtu akifiwa Sydney au Auckland, mkeka wa nyumbani unatandikwa. Kwa hiyo aliye nje hakujiona kama mfuko tu. Alijiona mtoto.

Halafu yaya akasema, “Nanyi munanituma nini?” Akacheka haraka, kama mtu anayetaka kufuta alichosema. “Apana, natania.”

Baada ya simu nilifungua ujumbe wangu kwake. Nikahesabu. Katika ujumbe 14 wa mwisho niliomuandikia, 11 ulikuwa wa kuomba pesa. Simu imeharibika. Kadogo anataka daftari. Mama ana malaria. Kuna mazishi. Yote yalikuwa kweli, sikumdanganya hata mara moja. Lakini kati ya 14 hakuna hata mmoja uliouliza, mgongo wako wewe ukoje? Watoto wako wanaitwaje kule shuleni? Unaota kwa lugha gani siku hizi? Niliona aibu. Mtu aliyenibeba mgongoni kutoka Kivu nilikuwa bado niko mgongoni kwake, na sikuwa najua.

Nikakumbuka pia Januari 2022. Mlima wa moto ulilipuka chini ya bahari Tonga, tarehe 15, ukaleta mawimbi makubwa, na waya wa mawasiliano unaopita chini ya bahari ukakatika. Kwa siku kadhaa Watonga walioko nje hawakujua kama mama zao wako hai. Mawasiliano ya kawaida yalichukua wiki kadhaa kurudi. Yaya alituambia yule mzee alikuwa anakuja kazini kila siku, anakata nyama, na simu iko mfukoni haijalia. Mimi najua ile hali. Kila vita vinapoongezeka kwetu na mtandao ukakatwa, ndivyo tunavyokaa na simu za shangazi zetu waliobaki. Unapiga, hakuna mtu. Unapiga tena. Pesa siyo kitu siku ile. Unataka kusikia tu mtu anasema “allô”.

Hapo jibu la mama likaanza kuja. Siyo jibu kubwa.

Nikamwambia: mama, ni kweli, Taumalolo alichagua bendera ya mama yake. Lakini angalia alichagua akiwa wapi. Alikuwa na mahali pa kulala, alikuwa na karatasi zake zote. Hakuna aliyemwambia, ili tujue unaipenda Tonga, kwanza uwe mtu asiye na nchi. Hakuna aliyemwambia aache mkate wa Townsville. Mpaka leo ni mtu wa Cowboys, hajawahi kucheza klabu nyingine. Alisimama kwenye ardhi iliyo imara, ndipo akaweza kugeuka na kuwatazama wazazi wake. Sisi tusijidanganye, yeye siyo mkimbizi. Wazazi wake hawakukimbia risasi. Ana nchi tatu na zote zingempokea. Yaya ana nchi moja iliyomfukuza, nyingine iliyompa hifadhi, na ya tatu imeanza kumwambia, kaa. Kwa nini tumwambie asikae?

Mama akasema: “Akikaa, atanisahau.”

Nikamwambia: tangu 2016 hajakuja hata mara moja. Unajua kwa nini? Siyo kusahau. Karatasi alizonazo za mkimbizi zinasumbua kusafiri, kila mpaka ni maswali, na anaogopa akitoka asiweze kurudi kwa watoto wake. Akiapa atapata pasipoti. Mwenye pasipoti anakata tiketi, anateremka Entebbe, anapanda basi mpaka Mbarara, na kutoka Mbarara mpaka hapa njia unaijua.

Mama akaweka mwiko chini.

“Kumbe na hiyo pasipoti anaweza kuja hapa?”

“Anaweza.”

“Na bana yake?”

“Na wana wake.”

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kadogo alikuwa sakafuni anachora kwa ajili ya shule. Mwalimu aliwaambia kila mtoto achore bendera ya nchi yake. Yeye alizaliwa Uganda, lakini kuzaliwa hapa hakukumpa uraia, na Congo hajawahi kuikanyaga. Alikuwa amechora ya Congo, nusu ya nyota imemshinda, halafu pembeni kachora korongo wa Uganda, mkubwa, mguu mmoja juu, vizuri sana kwa sababu korongo anamwona kila siku kule bwawani. Akauliza, “Mwalimu atakataa?” Mama akamtazama, akasema, “Akikataa, mwambie aje aniulize mimi.”

Mimi nafikiri ni pale alipojijibu mwenyewe. Ila sijamuuliza.

Nawaambia hili na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, mnaokuja na fomu zenu. Mimi mwenyewe huwa najitolea kutafsiri siku za kuandikisha watu, kwa hiyo najua kile kisanduku cha “unatoka wapi” ni kidogo na lazima kijazwe. Sikatai. Nasema tu, mkiona kijana amekaa kimya kabla ya kujibu, msidhani anatunga uongo. Wengine wetu jibu lina vituo vitatu. Taumalolo akijibu Auckland amesema kweli, akijibu Townsville amesema kweli, akijibu Tonga watu 100,000 wanasimama. Mpeni mtu dakika moja.

Na kwenu vijana wenzangu, hasa mlio na ndugu nje. Tunapenda kusema “wale wamefika”. Tunawaandikia kana kwamba wamefika mbinguni na sisi tupo chini tunapiga hodi. Kuna siku msaada ni lazima uombwe, chakula kikipunguzwa, mtu akiugua, sisemi tuache. Lakini hesabu ujumbe wako kama nilivyohesabu wangu. Kama wote ni wa kuomba, basi unamfundisha ndugu yako kwamba kwenu ni deni tu. Taumalolo hakurudi Tonga kwa sababu Tonga ilimdai. Ile jezi ilikuwa na posho kidogo na matusi mengi. Naamini alirudi kwa sababu nyumbani kwao walimlea akijua kwamba yeye ni wa watu fulani, na hao watu walikuwa wanaimba jina lake lote bila kulikata.

Mwisho wa habari yangu ni huu. Jumapili iliyofuata simu ya yaya ililia na mama akaipokea mwenyewe, kabla sijaifikia. Hakuomba msamaha, mama zetu mnawajua. Aliuliza kuapa ni saa ngapi, na kama watu wanaweza kuona kwenye simu. Aliuliza mtu anavaa nini siku kama hiyo. Yaya akasema suti, labda. Mama akasema suti ni ya bazungu, iko na kitenge.

Kitenge hicho nakijua. Ni kile alichotoka nacho Kivu, kilichofungwa kiunoni njia yote, na tangu tufike kimekaa chini ya begi ndani ya nailoni. Fundi wa hapa Base Camp amekishona shati. Kuna dada wa kanisani kwetu ambaye kesi yake imepita, anaondoka kwenda Brisbane, amekubali kukibeba na kukituma kwa posta akifika.

Kabla ya kukata simu mama alisema neno moja la mwisho, na ndilo nilitaka mlisikie.

“Na franga ya mwezi huu usitume. Nunulia batoto biatu, nao baje kuona baba yao anaapa.”

Upande wa pili ulikuwa kimya. Nilidhani mtandao umekatika, nikainua simu kuangalia. Haukuwa umekatika. Yaya alikuwa analia.